Maabara Kilifi au mikoko Lamu? Mwanafunzi wa sayansi na likizo yake ndefu

Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea biokemia. Jumapili iliyopita alikuja nyumbani Malindi na barua mbili ndani ya bahasha moja. Alisubiri nimalize kusali magharibi, akazitandaza mkekani kando ya sahani ya mahamri. "Shangazi, wamenikubali pande zote mbili. Ijumaa natakiwa niwe nimejibu, na sijui nishike lipi."

Barua moja ilitoka maabara ya utafiti wa magonjwa huko Kilifi. Ya pili ilitoka kikundi kinachotunza mikoko Lamu. Zote ni atachi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ya wiki kumi na mbili kuanzia mwezi wa tano, na zote hazina malipo. Baba yake alikuwa ameshaamua: aende Kilifi, maana kuna jina. Mimi moyo wangu ulikuwa Lamu hata kabla sijamaliza kusoma, kwa sababu nilikaa huko nikiwa mwanafunzi na harufu ya lile tope sijaisahau. Lakini si haki kumchagulia mtoto kazi kwa mapenzi ya shangazi yake. Tulikaa mpaka saa tano usiku tukizipima barua zile, moja kwa nyingine. Niliyomwambia, na yale aliyonifunza yeye siku zilizofuata, nayaandika kwa ajili ya wenzake wa Malindi, Lamu na Kilifi walioshika bahasha kama ile.

Mikono itazoea nini

Tuanze na maabara. Kilifi imejulikana duniani kwa malaria. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilianzishwa mwaka 1979, na mradi wake wa Kilifi kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza ulianza 1989. Chanjo ya RTS,S, ya kwanza ya malaria kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto, mwaka 2021, ilifanyiwa majaribio katika vituo kadhaa vya Afrika na Kilifi kilikuwa kimojawapo. Nyuma ya habari kubwa kama hiyo kuna watu waliokaa mbele ya hadubini siku nenda siku rudi, wakihesabu.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi. Tone la damu hutandazwa juu ya kioo, hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha huangaliwa kwa lenzi ya mia ikiwa na tone la mafuta. Unahesabu vimelea huku ukihesabu na chembe nyeupe za damu, mpaka chembe nyeupe zitimie 200. Tuseme umepata vimelea 50. Unazidisha kwa 8,000, ambacho ndicho kiasi cha chembe nyeupe kinachokadiriwa kuwemo ndani ya mikrolita moja (sehemu moja ya milioni ya lita) ya damu, unagawanya kwa 200, jibu ni vimelea 2,000 kwa kila mikrolita. Ni hesabu ya shule ya msingi. Ugumu uko kwenye jicho. Punje ya rangi iliyoganda hufanana na kimelea, na mtu akichoka huanza kuona kisichokuwepo. Ndiyo maana kwenye utafiti kioo kimoja husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, na wakitofautiana sana huitwa wa tatu.

Mwanafunzi akikaa hapo wiki kumi na mbili hutoka na kitu ambacho mhadhara hauwezi kumpa. Anaizoea pipeti, kifaa cha kunyonya na kupima matone madogo, mpaka mikrolita mbili zinakuwa mikrolita mbili kweli. Anazoea kuandika daftari kwa wino, tarehe juu, kosa likikatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, bila kuchana ukurasa. Na anaanza kuitazama kila namba ya kitabuni akijiuliza ni nani aliyeihesabu, na alikuwa amechoka kiasi gani.

Sasa mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti ya Lamu, kwa hiyo mtoto wa Lamu anayesema hana pa kujifunzia sayansi, mlango wa nyumba yake umeelekea maabara. Kazi ya kawaida ni kupima viwanja vya mita kumi kwa kumi: unakata mraba kwa kamba, unaandika kila mti uliomo, aina yake, urefu na unene wake, halafu unahesabu miche.

Mti wa nchi kavu hupimwa unene wake mita 1.3 kutoka ardhini. Nilikuwa nimesoma hivyo, na siku yangu ya kwanza nilipima mikoko ishirini na saba kwa kimo hicho, nikijiona mwanasayansi kamili. Mzee mmoja mkata boriti, aliyekuwa ametupitisha na mtumbwi wake, alikuwa ananitazama. Mwishowe akasema, "Mwanangu, huko unapima mguu. Kiuno hujakifika." Alisema kweli. Mkoko wenyewe hauna shina pale chini, una mizizi inayoshuka kama miguu ya kaa, na utaratibu wa watafiti ni kupima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Nikarudia yote ishirini na saba, na maji yanajaa.

Mzee yule alinifunza mengi kuliko kitabu nilichobeba. Alinionyesha mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, na kila mmoja unakopenda kusimama, huu karibu na maji ya wazi, ule nyuma karibu na nchi kavu. Alinitajia ukubwa wa miti kwa majina ya wakataji: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Baadaye nikayakuta majina yale katika majedwali ya makala za kisayansi, yameandikwa kwa Kiswahili vilevile, kwa sababu watafiti waliona ndiyo mizani inayotumika pwani nzima. Nilifurahi mno siku ile, na hata leo nikiyaona nafurahi.

Kwa hiyo tofauti ya kwanza, na kwangu ndiyo nzito, ni hii. Maabara hukufundisha kulijibu swali vizuri, lakini swali lenyewe mara nyingi lilishaulizwa na mtu mwingine kabla hujafika. Porini hukufundisha kuuliza. Unaona miche imejaa hapa, na hatua tano mbele tope ni tupu. Kwa nini? Kaa wanaila? Maji yanakaa muda mrefu zaidi? Mradi wangu wa mwaka wa nne ulizaliwa kwenye tope tupu kama hilo. Lakini ubaya nao upo. Namba zangu za Lamu zilikuwa chafu, na msomaji mkali angeweza kuzitilia shaka kwa njia ambazo namba ya maabara haitiliwi. Anayetaka kuwa mwanasayansi atahitaji yote mawili kabla ya kufika uzamivu. Kinachoulizwa hapa ni lipi litangulie.

Mwezi wa tano ni kusi

Hili wanafunzi wa bara hawalifikirii, na hata sisi wa pwani tunalisahau tunapojaza fomu. Likizo ndefu ya vyuo vingi huangukia mwezi wa tano mpaka wa nane. Huo ni wakati wa kusi, upepo mkali utokao kusini. Bahari inachafuka, maji yanakuwa na ukungu, na wavuvi wa vyombo vidogo hukaa siku nyingi nchi kavu. Mwanafunzi aliyeahidiwa kuzamia na kuhesabu matumbawe katika Hifadhi ya Baharini ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, anaweza kumaliza nusu ya atachi yake akisubiri upepo utulie. Kama barua yako inazungumzia matumbawe, uliza wazi ni siku ngapi mwezi wa sita wanaingia majini.

Mikoko inavumilia kusi zaidi, maana kazi yake inafuata maji kutoka na kujaa kuliko upepo. Hapa kwetu wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Una saa nne hivi za kufanya kazi, mbili kabla na mbili baada, na kila siku wakati huo unasogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za maji mafu, ambapo maji hayatoki sana, hukaa ofisini ukiingiza data. Ratiba ya wiki anaipanga mwezi wa mbinguni, na mwanafunzi anayependa kujua Jumanne atakuwa wapi saa ngapi atapata tabu.

Maabara haijali kusi wala kaskazi. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni ileile Januari na Julai.

Mfuko

Kwa mtoto wa Malindi, Kilifi iko kama kilomita 60. Kwenda na kurudi kila siku kwa matatu kunawezekana, lakini wiki kumi na mbili za nauli huzidi kodi ya chumba cha kushirikiana na mwenzako, na maabara nyingi huanza mapema. Mtoto wa Lamu hana hiari hiyo: ni barabara ndefu kutoka Mokowe baada ya kuvuka kwa boti, kwa hiyo lazima apange chumba au awe na jamaa. Ukigeuza upande, mtoto wa Lamu anayefanya mikoko kwao analala kwa mama yake, na mtoto wa Malindi akienda Lamu hukuta maisha ya bei ya kisiwa, karibu kila kitu kimevushwa kwa chombo.

Bima ya ajali huulizwa na vituo vingi, na vingine hutoza ada ya kupokea mwanafunzi. Uliza yote hayo kabla ya kusema ndiyo. Kwa shamba la mikoko ongeza viatu vya kufunga (usiende na ndara, tope litazimeza), na kwa maabara ongeza koti jeupe. Ni hayo tu.

Ambaye mfuko hauruhusu kutoka Malindi asidhani amekosa. Karibu na mji kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 400. Gede kuna mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 umekuwa ukinunua pupa wa vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda, kutoka kwa wanakijiji wanaoishi kando ya msitu huo. Watamu kuna A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, na kuna Local Ocean Conservation inayoshirikiana na wavuvi kuokoa kasa walionaswa nyavuni. Tuktuk na matatu vinakufikisha na jioni unarudi kwenu.

Njia ya tatu, ya kompyuta

Binti yetu hakuwa na barua ya tatu, lakini nilimtajia njia hii kwa sababu wengi hawana hata moja.

Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ndipo ilipo kambi ya anga ya Waitaliano, San Marco. Tarehe 12 Disemba 1970 chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani kilirushwa kutoka jukwaa la baharini hapo hapo, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu kikaitwa Uhuru. Mamangu alikuwa akinisimulia, ndiyo sababu nilisoma sayansi. Lakini nilikua nikidhani mambo ya angani ni ya wageni wenye uzio. Leo si hivyo. Picha za setilaiti za Landsat zinazoanzia mwaka 1972 zinapatikana bure. Za Sentinel-2 zinaonyesha ardhi vipande vya mita kumi kwa kumi, upana uleule wa kiwanja nilichokipima kwa kamba, nazo pia ni bure. Programu ya QGIS ya kuchora ramani ni bure, na R ya kuchambua takwimu ni bure. Mwanafunzi aliyeko Faza au Mpeketoni, huko Lamu, mwenye laptopu iliyochoka na bando la usiku anaweza kuchora jinsi mikoko ya kijiji chake ilivyopungua au kuongezeka kwa miaka thelathini.

Ukiipima njia hii na zile mbili, ina faida moja isiyopingika: kazi yote ni yako tangu swali mpaka jibu. Na ina pengo moja kubwa, hakuna mtu atakayekwambia umekosea. Nimeona kijana amechora bwawa la chumvi akaliita msitu. Picha haikumkataza. Mzee wangu mwenye mtumbwi angemkataza. Kwa hiyo kama huna njia nyingine, ifanye, lakini mtafute mhadhiri mmoja akubali kutazama ramani zako kila baada ya wiki mbili, na uende ukasimame kwa miguu yako juu ya vipande kumi ulivyovichora.

Nani atalisoma daftari

Nimefika kwenye jambo ambalo lingenipunguzia mimi mwaka mzima kama ningeambiwa mapema.

Kabla ya Lamu nilifanya atachi nyingine, ya maabara, mahali pakubwa penye jina ambalo sitalitaja. Wiki kumi niliosha bika, nikabeba sampuli kutoka chumba hiki kwenda kile, nikabandika lebo. Hakuna aliyenitendea vibaya, walikuwa na haraka tu. Daftari langu halikufunguliwa na mtu hata siku moja. Wiki ya mwisho fomu yangu ya tathmini ilijazwa na mtu tuliyezungumza naye mara mbili, na nilipoomba nafasi ya uzamili miaka miwili baadaye, barua yake ya kunipendekeza ilisema nilikuwa na nidhamu na niliwahi kazini. Niliikosa nafasi ile. Anayeomba uzamili anahitaji mtu wa kuandika "alikosea hapa, akagundua mwenyewe, akarekebisha hivi", na hakuna anayeweza kuandika hivyo ikiwa hakuona.

Lamu, kila Ijumaa baada ya sala msimamizi wangu alilichukua daftari langu na kalamu nyekundu. Mara moja nilikuwa nimeandika "mawingu kiasi". Akaandika pembeni: "Saa ngapi? Ulikuwa umesimama wapi?" Nilikasirika siku nzima. Mpaka leo siandiki hali ya hewa bila saa.

Nisiwadanganye mkadhani porini wote ni kama yule. Nawajua wanafunzi waliokaa wiki kumi na mbili wakipanda miche ili wageni wapigwe picha, wakatoka hawajui hata mingapi iliishi. Na maabara zenye wasimamizi wa kusoma kila ukurasa zipo. Hilo halikai kwenye jina la taasisi wala halikai kwenye aina ya kazi. Linakaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo lazima umjue kabla hujasaini.

Ndipo nikamwambia binti aache kuzitazama zile nembo juu ya barua, awaandikie wote wawili ujumbe uleule. Tuliutunga pamoja: "Shikamoo Daktari. Nashukuru sana kwa kunikubali. Kabla sijathibitisha, naomba kujua nani atakuwa msimamizi wangu wa kila siku, na kama atapata nafasi ya kulipitia daftari langu kila wiki. Pia naomba kujua kama kuna sehemu ya data nitakayoruhusiwa kuitumia katika mradi wangu wa chuo." Alihofia utasomeka kama utovu wa adabu. Nikamwambia mtu anayekasirishwa na swali hilo amekujibu.

Swali la data si la nyongeza. Sampuli za damu zina kibali cha maadili chenye masharti yake, na mwanafunzi hawezi kuondoka nazo kwenye flashi. Huko mikokoni pia data ni ya mradi, na utafiti wako mwenyewe unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Bora uambiwe mapema "hutapata" kuliko kufika mwaka wa nne ukitegemea jedwali ambalo si lako.

Majibu yaliyokuja

Kilifi walijibu Jumanne. Atawekwa na mwanafunzi wa uzamivu ambaye watakuwa benchi moja, kila Alhamisi kuna kikao cha kupitia kazi ya wiki, na wiki ya mwisho kila mwanagenzi husimama mbele ya kundi aeleze alichofanya. Data za wagonjwa hapana, lakini matokeo ya kupima ubora wa usomaji wa vioo anaweza kuyatumia kwa ruhusa ya maandishi.

Lamu alijibu bwana mmoja muungwana sana. Alisema ukweli kwamba mwezi wa sita na wa saba atakuwa safarini, kazi itaendelea na walinzi wa mikoko, na yeye asingeweza kupitia daftari la mtu kwa muda huo. Akaongeza: "Kama unaweza, njoo Disemba. Bahari ni kaskazi, maji mazuri, nami nipo."

Sikuhitaji kusema kitu, ingawa nilitamani jibu liwe jingine. Alhamisi asubuhi aliithibitishia Kilifi, na jioni akamwandikia yule bwana kuomba wiki tatu za Disemba. Jana alikwenda kuangalia chumba. Kabla hajaondoka nilimpa utepe wangu wa kupimia, ule wa kitambaa niliorudi nao kutoka Lamu. Nilijaribu kuufua mara nyingi, lakini penye sentimita 30 bado pana doa la tope.